Mpaka kama Chanzo: Uhamaji kati ya Nzuwani na Mayotte

Tafiti nyingi za uhamaji wa kimataifa hupanga visababishi katika pande mbili: umaskini, vita na ukame kule watu wanakotoka, ajira, mishahara na usalama kule wanakokwenda. Sheria ya mpaka huingizwa baadaye, kama jibu la serikali kwa watu ambao tayari wameshafika. Nashikilia kwamba mpangilio huo una kasoro. Sheria yenyewe ni miongoni mwa visababishi, na Visiwa vya Komoro vinalidhihirisha jambo hili.

Kati ya kisiwa cha Nzuwani, kilichomo Komoro, na kisiwa cha Mayotte, kilicho chini ya Ufaransa, pana bahari ya kilometa 70 hivi. Wengi wa wakazi wa visiwa hivyo ni Waislamu, lugha zao, Kinzuwani na Kimaore, husikilizana, na koo nyingi zina ndugu na makaburi pande zote mbili. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974, Wakomoro kwa jumla walichagua uhuru, lakini wengi wa wapiga kura wa Mayotte walitaka kubaki chini ya Ufaransa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975, Mayotte ikabaki. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 watu waliendelea kuvuka bila shida kubwa: kuuza mazao, kuoa, kuzika, kutibiwa, kisha wakarejea kwao.

Mwaka 1995 serikali ya Waziri Mkuu wa Ufaransa, Édouard Balladur, ikawawekea Wakomoro sharti la viza ya kuingia Mayotte. Safari hazikukoma. Zilihamia kwenye mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, mara nyingi usiku, na nauli ikawa bei ya hatari. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya vifo kati ya 7,000 na 10,000 tangu viza iwekwe. Aliyevuka kwa gharama hiyo hathubutu kurudi hata kumzika mama yake, maana hana hakika ya kupata njia tena. Badala yake humleta mke, kisha watoto. Ndivyo safari ya msimu ilivyogeuka makazi ya kudumu. Mwaka 2017, kwa takwimu rasmi za Ufaransa, karibu nusu ya wakazi wa Mayotte walikuwa raia wa kigeni, nao kwa sehemu kubwa kabisa ni Wakomoro.

Ipo hoja nzito ya kupinga maelezo haya, nayo ni pengo la kipato. Komoro ilipita katika mapinduzi kadhaa, na Nzuwani ikajitenga mwaka 1997. Wakati huohuo Ufaransa ilimimina fedha Mayotte na kuifanya mkoa wake kamili mwaka 2011. Silikatai pengo hilo. Linaeleza kwa nini mtu atamani kwenda, ila halielezi kwa nini aliyezoea kurudi ameacha kurudi. Hayo ni maswali mawili, na kila moja linadai ushahidi wake.

Ushahidi wa aina hii umewahi kukusanywa kwingine. Watafiti Douglas Massey na Jorge Durand, katika mradi ulioanza mwaka 1982, walihoji kaya za Meksiko pande zote mbili za mpaka wake na Marekani na kuandika safari za mhamaji tangu ya kwanza. Walionyesha kwamba Marekani ilipokaza ulinzi, waliopungua hasa ni wale waliokuwa wakirudi. Sensa ya nchi moja isingeliona hilo, kwa sababu sensa huhesabu waliopo.

Mayotte inastahili utafiti wa namna hiyo. Katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 20,000 wamekuwa wakifukuzwa kisiwani kwa mwaka, na wengi huvuka tena, hivyo mtu mmoja huweza kuhesabiwa mara kadhaa. Watoto wanaoachwa nyuma wazazi wanapokamatwa huandikwa kama athari ya uhamaji, ilhali kilichowatenganisha na wazazi ni amri ya kufukuzwa. Chuo Kikuu cha Komoro na kile cha Mayotte vinaweza kuziendea kaya za ukoo mmoja pande zote mbili, na dodoso likaanza hapa: mara ya mwisho ulirudi nyumbani mwaka gani, na tangu hapo umezuiwa na nini?