Tengeru: Mchoro Unaozunguka na Mashine Iliyopimwa

Hivi karibuni, katika karakana moja ndogo hapa Tengeru, kijana aliyesomea ufundi mitambo alinionyesha kwenye kompyuta mashine ya kupukuchua mahindi aliyoisanifu mwenyewe. Alibonyeza kitufe, shafti, gia na pipa vikazunguka bila kukwama. Nilipomwuliza kama ameshaiunda, alishangaa: “Mwalimu, mbona inazunguka vizuri?” Swali hilo lina historia ndefu katika ardhi hii.

Tuanze na programu yenyewe. Mwanafunzi huchora umbo bapa, hulipa kimo au hulizungusha kwenye mhimili likawa kipande kamili, kisha huunganisha vipande. Huiagiza kompyuta kwamba gia ya meno 20 ikizunguka mara mbili, ya meno 40 izunguke mara moja. Kompyuta hutii. Asipoitaka ikague migongano, meno yanaweza kupenya meno mengine kama kivuli kinavyopenya ukuta. Mwendo ule wa kwenye kioo huthibitisha kwamba amri imetekelezwa. Kuhusu ubora wa chuma, vumbi au mahindi yenye unyevu, hausemi lolote.

Nchi hii imewahi kulipia gharama ya kuamini mpango kabla ya jaribio. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta Kongwa kwa ajili ya mradi wa karanga. Hesabu zilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini udongo mgumu na mizizi viliyashinda majembe, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Katika muongo huohuo wa 1950, Tengeru ikawa makao ya kitengo cha kupima zana za kilimo, TAMTU. Kazi yake ya awali ilikuwa kuuliza iwapo mashine zilizosanifiwa ng’ambo zingefaa katika mashamba yetu.

Tulijifunza, basi, kupima mashine za wengine kabla ya kuchora zetu. Baada ya uhuru TAMTU ilivuka mpaka huo: ikasanifu mikokoteni ya ng’ombe yenye beringi za mbao zilizolowekwa mafuta, ambazo fundi wa kijijini angeweza kuzitengeneza. Mwaka 1980 Bunge likaanzisha TEMDO kwa ajili ya usanifu wa mitambo, na mwaka 1981 likaanzisha CAMARTEC, iliyoirithi TAMTU. Zote mbili ziliwekwa Arusha. TEMDO ilianza kazi mwaka 1982, mwaka uleule AutoCAD ilipoingia sokoni Marekani. Sisi tulikuwa na ubao wa kuchorea na nia. Tulichokosa upesi ni fedha. Uchumi ulikuwa umeshayumba, na baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa matumizi ya umma yakabanwa.

Leo hali imegeuka. Taasisi ya Nelson Mandela ilizinduliwa hapa Tengeru mwaka 2012, na programu kama FreeCAD hupatikana bila malipo. Gharama ya kuchora imeshuka karibu na sifuri. Gharama ya kupima haijashuka: chuma hununuliwa, mashine ya kukereza hula umeme, na jaribio la shambani husubiri msimu. Ndiyo maana tuna hatari mpya, ya kuzalisha wasanifu wengi ambao kazi zao hazitoki kwenye kompyuta.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, naomba jambo moja: bajeti ya kompyuta za vyuo isipitishwe bila bajeti ya chuma na majaribio. Wanafunzi, idaini.

Kijana yule nilimjibu kwamba mashine yake inazunguka vizuri kwa kuwa ameiamuru. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza vipande viwili vya shafti vingegharimu kiasi gani. Hapo ndipo usanifu wake ulipoanza.