Johnson na Boswell Visiwani: Safari Moja, Vitabu Viwili

Mnamo Agosti 1773 Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya 1755, aliondoka Edinburgh na rafikiye James Boswell kwenda nyanda za juu za Uskoti na visiwa vya Hebrides. Johnson alikaribia umri wa miaka 64. Mwenzake alikuwa na 32. Baada ya Inverness waliacha gari, wakapanda farasi, kisha mashua.

Kitabu cha Johnson (1775) kinachunguza jamii ambayo, baada ya kushindwa Culloden mwaka 1746, ilinyang'anywa silaha na kukatazwa vazi lake. Cha Boswell (1785) kinamchunguza Johnson mwenyewe, naye alikwisha kuusoma mswada wake njiani!

Linalotuhusu zaidi sisi wa fasihi simulizi ni hukumu ya Johnson mintarafu ya tungo za Ossian, alizozichapisha James Macpherson kuanzia 1760. Alishuku ulaghai, na hapo hakukosea sana. Alipotoka ni pale alipodai kuwa Kigaeli hakikuwa na hati hata moja iliyofikisha umri wa miaka mia. Hati ya Dean wa Lismore, ya mwanzoni mwa karne ya 16, yamkanusha. Yeye hakujua Kigaeli. Aliwahoji wenyeji, na majibu yao yalipogongana akayafanya ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Ilhali katika mashua ya kwenda Raasay wote wawili waliwasikia wapiga makasia wakiimba kwa lugha hiyo hiyo.