Ukurasa ni Nakala: Huluki za Hifadhidata na Hali ya Ukurasa katika Programu za Wavuti

Fomu inayofunguka kwenye kivinjari ikiwa na jina la mteja, anwani yake na salio lake ni nakala ya rekodi, si rekodi yenyewe. Ilichukuliwa pale seva ilipojibu ombi. Tangu hapo hifadhidata huendelea kubadilika, na ukurasa hubaki kama ulivyopokewa. Makosa mengi ya data katika programu za wavuti hutokana na kuichukulia nakala hiyo kuwa ndiyo asili.

Ugumu huu una mizizi katika itifaki ya HTTP, aliyoibuni Tim Berners-Lee akiwa CERN. Itifaki hiyo haina kumbukumbu: kila ombi hupokelewa kana kwamba mwombaji hajawahi kubisha hodi. Kwa kusoma hati hilo halikusumbua. Kwa biashara lilisumbua, na mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akabuni vidakuzi. Kidakuzi hubeba namba, na kwa namba hiyo seva humtambua mtumiaji na kufungua kipindi chake, yaani kumbukumbu yake upande wa seva. Nafuu hiyo ilizaa uzembe, kwani huluki nzima, yaani vitu vya programu vinavyowakilisha rekodi, zilianza kulundikwa kwenye kipindi. Mtumiaji akifungua vichupo viwili, cha kwanza kikiwa na mteja wa Moshi na cha pili mteja wa Tanga, vyote hutumia kipindi kimoja, na huluki ya pili hukalia nafasi ya ile ya kwanza. Akirudi kwenye kichupo cha Moshi na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, anwani ya Moshi huandikwa juu ya mteja wa Tanga. Kwa hiyo namba ya rekodi inayohaririwa mahali pake ni kwenye ukurasa wenyewe, ingawa seva haina budi kuhakiki kila mara kwamba mtumiaji ana haki nayo, maana kilichomo kwenye ukurasa hubadilishwa kirahisi.

Zana za kuoanisha vitu vya programu na majedwali, kama Hibernate iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, huigawa huluki katika hali nne: mpya, inayosimamiwa, iliyotengwa na iliyoondolewa. Huluki inayosimamiwa hufuatiliwa. Ikiguswa, badiliko lake huandikwa muamala unapokamilika, hata bila amri ya kuhifadhi. Muamala ukifungwa, huluki hutengwa. Hapa ndipo fomu na hifadhidata zinapoachana, kwa sababu muamala mzuri huisha ndani ya milisekunde, ilhali karani anaweza kuiacha fomu wazi akaenda kunywa chai. Kuuacha muamala wazi kumsubiri ni kushikilia kufuli na muunganisho ambavyo wengine wanavihitaji.

Mfano wa ghala la dawa unaonyesha hasara ya fomu na hifadhidata kuachana hivyo. Makarani wawili wanafungua rekodi ileile, na kila mmoja anaona paketi 40. Wa kwanza anatoa paketi 15, anaandika 25 na kuhifadhi. Wa pili amepokea paketi 30. Anajumlisha na 40 aliyoiona, anaandika 70. Idadi sahihi ni 55. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea, na vitabu sasa vinadai paketi 15 ambazo hazipo rafuni.

Kinga iliyozoeleka inafuata wazo lililoelezwa na Kung na Robinson mwaka 1981: rekodi isifungwe mapema, ila ihakikiwe wakati wa kuandika. Jedwali huongezewa safu wima ya toleo, na amri ya kusasisha husema, kwa maana yake: badilisha rekodi namba 812 ikiwa toleo lake bado ni 7. Karani wa kwanza hufaulu na toleo huwa 8. Amri ya wa pili haigusi rekodi yoyote, na programu hujua kuna mgongano. Lakini toleo hilo lazima lisafiri na fomu na kurudi nayo. Programu nyingi hukosea hapa: wakati wa kuhifadhi, seva husoma rekodi upya, huchukua toleo la dakika hiyo na kulilinganisha na lenyewe. Mlinzi yupo mlangoni, ila kila anayepita hujiandikia kibali. HTTP nayo ina njia yake, kichwa cha If-Match, ambapo seva hujibu kwa namba 412 ikiwa nakala ya mtumiaji imepitwa na wakati.

Hata hivyo, kwa idadi na fedha, toleo peke yake ni dawa nusu. Ni bora fomu ipeleke tendo kuliko matokeo: “ongeza 30” badala ya “iwe 70”, na hesabu ifanywe na hifadhidata ndani ya muamala. Toleo libaki kwa majina, anwani na maelezo, ambako hakuna hesabu ya kupatanisha maandishi mawili. Huko mgongano ukitokea, programu haipaswi kutupa kazi ya karani wala kumwonyesha namba za makosa. Imwonyeshe alichoandika, kilichomo sasa na aliyekibadilisha, kisha achague mwenyewe.