Akaunti zilizolala Uswisi: namna watoto wa waliokimbia vita walivyodai pesa za wazazi wao

Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia Goma, banki za mji zilifunga milango. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Familia nyingi zilikuwa zimeshakimbia mara mbili ama tatu, na katika kukimbia, karatasi ndizo hubaki nyuma: daftari la banki, hati ya kuzaliwa, kadi ya uchaguzi ya marehemu baba. Je, mtu aliyepoteza karatasi zote anaweza bado kudai pesa ambazo mzazi wake aliweka? Swali hilo liliulizwa huko Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 50.

Hitler alipokamata utawala Ujerumani mwaka wa 1933, Wayahudi wengi walianza kuhamisha akiba yao. Walichagua Uswisi, inchi jirani isiyoingia vitani. Mwaka wa 1934 Uswisi ilipitisha sheria ya kumwazibu mfanyakazi wa banki anayetoa siri ya mteja. Siri hiyo iliwalinda wenye pesa walipokuwa hai. Lakini karibu Wayahudi milioni 6 waliuawa katika vita, na akaunti zao zikabaki kimya. Hakuna aliyeweka wala aliyetoa. Akaunti ya namna hiyo huitwa akaunti iliyolala.

Vita vilipoisha, watoto na ndugu waliobaki walikwenda kubisha hodi. Mmoja wao ni Estelle Sapir. Baba yake Josef, mtu wa mambo ya banki kutoka Poland, alimweleza binti yake kupitia uzio wa kambi alimofungwa mahali alipoweka pesa za familia. Kisha alipelekwa kwenye kambi ya kifo. Binti alipofika Geneva mwaka wa 1946, banki ya Credit Suisse ilimtaka alete hati ya kifo cha baba yake. Kambi za Hitler hazikuwa zikitoa hati kama hizo, na wengi walirudi mikono mitupu kwa sababu hiyo hiyo. Bi Sapir hakunyamaza. Alipata mapatano na banki mwaka wa 1998, na mwaka uliofuata akafariki.

Wakati huo wote, muda ulikuwa unafanya kazi kwa upande wa banki. Sheria iliwalazimisha kutunza vitabu vyao kwa miaka 10 tu. Akaunti ndogo ziliendelea kukatwa ada kila mwaka hadi zikaisha. Mwaka wa 1962 serikali ya Uswisi iliamuru banki zitafute mali ya waliouawa, lakini zilileta kidogo sana. Mapema mwaka wa 1996, banki zilitangaza kwamba zimekuta akaunti 775 tu za zamani za wageni, zenye franka za Uswisi zipatazo milioni 38.

Wadai hawakukubali hesabu hiyo. Walipeleka kesi kwenye mahakama za Marekani. Kamati ya uchunguzi iliundwa, ikiongozwa na Paul Volcker, aliyewahi kuwa mkuu wa banki kuu ya Marekani. Mwezi wa kwanza 1997, mlinzi wa usiku wa banki moja kubwa mjini Zürich, Christoph Meili, aliona vitabu vya zamani vimepangwa kuharibiwa, ingawa sheria mpya ilikuwa imekataza. Aliviokoa na kuvikabidhi kwa Wayahudi wa mji huo. Mwezi wa saba mwaka huo, banki zilichapa majina ya wenye akaunti katika magazeti ya dunia. Mwaka wa 1998 zilikubali kulipa dola miliardi 1.25. Na kamati ya Volcker ilipomaliza kazi mwaka wa 1999, haikutaja tena akaunti 775. Ilitaja karibu 54,000 ambazo huenda zilikuwa za watu walioteswa na utawala wa Hitler.

Kamati ilionyesha pia kwamba kati ya akaunti milioni 6.8 za miaka ya 1933 hadi 1945, milioni 2.7 hazikuwa na karatasi yoyote iliyobaki hata ndani ya banki zenyewe. Kwa hiyo kanuni ya kupokea madai ilibidi ibadilike. Mdai hakulazimishwa tena kuleta hati ya kifo. Alieleza jina la mzazi, mji alimokaa, kazi yake, ndugu zake, na maelezo hayo yakalinganishwa na vitabu vilivyobaki. Yakipatana kwa namna ya kuaminika, dai lilipokelewa. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kidogo halikutosha kumfukuza mtu. Na kwa kuwa pesa ya 1945 haikuwa na thamani ile ile, kiasi kilizidishwa mara 10 na zaidi.

Congo nayo ina historia yake na banki za Uswisi. Mobutu alipoanguka mwaka wa 1997, Uswisi ilizuia mali yake, franka za Uswisi milioni 7.7. Hiyo haikuwa akaunti iliyolala, na mwenyewe alijulikana. Hata hivyo mwaka wa 2009 mahakama ya Uswisi ilisema muda wa kumshitaki mtu umekwisha, na pesa zikarudi kwa familia ya Mobutu. Mtoto wa mkimbizi aliyeendelea kudai alipata. Dola zima lililochelewa lilikosa.

Nyumbani, akiba ya wazee ilikutana na mambo mawili zaidi. Mwaka wa 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya kikristo, kwa hiyo aliyefungua daftari kama Joseph alijikuta ana jina lingine. Kisha pesa yenyewe ilibadilishwa. Mwaka wa 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1, na mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 ziligeuka franka 1. Maana yake, zaire za zamani miliardi 300 zilikuwa sawa na franka moja. Hapa hakuna aliyezidisha mara 10.

Leo Uswisi ina utaratibu. Tangu mwaka wa 2015, akaunti isiyo na habari ya mwenyewe kwa miaka 60, ikiwa na zaidi ya franka 500, jina lake hutangazwa. Warithi wana mwaka mmoja wa kujitokeza, la sivyo pesa huenda kwa serikali ya Uswisi.

Kilichowasaidia wadai ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyatunza hata kambini: jina la banki na mji wake, jina la mzazi kama lilivyoandikwa siku ile pamoja na majina yake ya zamani, namba kama inajulikana, na mwaka. Yaandikwe, na yajulikane na watu wawili wasiokaa nyumba moja. Josef Sapir hakuwa na karatasi ya kumpa binti yake pale kwenye uzio. Alimpa maneno, na maneno hayo yalidumu miaka zaidi ya 50.