Mikorosho Iliyofichwa Upepo

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi imekaa chini, magharibi, katikati ya majabali yake. Mkorosho huchanua huko wakati wa kiangazi, kusi inapovuma, na vishada vya maua yake hukaa kwenye ncha za matawi, nje kabisa. Anayeviona vikitikiswa hufikiri dawa ni kuukinga mti. Naona historia ya korosho inasema kinyume: mikorosho ya kusini iliumia zaidi pale ilipofungiwa upepo.

Mti huu ni mgeni, umeletwa na Wareno kutoka Brazil hadi Msumbiji. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka kusini. Kufikia 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Katikati hapo, operesheni ya vijiji iliwahamisha watu, wengi wakawa mbali na mashamba yao. Shamba lisilopaliliwa wala kupogolewa hufunga: matawi hushikana, kivuli kinatanda, unyevunyevu wa usiku unakawia kukauka. Humo ubwiriunga hustawi, ukungu mweupe kama unga wa muhogo, ukishika ua, ua hilo hukauka kabla ya kutunga korosho.

Atauliza mtu: si upepo huohuo unaoupeperusha ugonjwa? Ndiyo. Lakini vumbi jembamba la ukungu huo halizuiliwi na safu ya miti, na linafika kwa kila jirani. Tofauti iko kwenye shamba linalolipokea. Hoja nzito zaidi ni bei. Mkulima aliyelipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, alikuwa na sababu ya kutupa panga hata bila kuhamishwa. Nakubali, ila bei nayo ilipita njia ileile: palizi iliachwa, shamba likafunga.

Salfa ilipoingia kama dawa ya ubwiriunga, upepo ulirudi kuwa tatizo, safari hii la saa chache tu. Unga wake hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na hewa imetulia. Jua likipanda upepo huamka, na wingu la njano linaishia kwa jirani. Kupunguza miti ili shamba lifunguke hakuhitaji alfajiri wala mashine, kunahitaji shoka. Lakini kumwambia mtu akate mkorosho unaozaa, aliopandiwa na babu yake, ili mkorosho wa jirani yake upate hewa, ni kazi nyingine kabisa.