Unyayo Uliokubali Kwenda Peku

Waliokatwa miguu mjini Jaipur, India, walipewa viungo bandia vya mtindo wa Ulaya. Vilikuwa vizito, ghali, na unyayo wake ulidai kiatu. Mkulima aliyezoea kuchutama, kukunja miguu sakafuni na kuingia shambani peku angefanya navyo nini? Wengi waliviweka kando wakarudia magongo.

Fundi Ram Chandra Sharma hakusoma sana, ila mikono yake iliijua kazi. Akishirikiana na Dkt. P. K. Sethi, daktari wa mifupa katika Hospitali ya Sawai Man Singh, alipata jibu mnamo 1968: unyayo wa mpira wenye vidole na rangi ya ngozi, ndani yake mbao na sponji ya mpira, vyote vikipikwa kwenye kalibu hadi vishikamane. Ulipinda pande zote, haukuogopa maji wala matope. Na haukuhitaji kiatu! Wabunifu hawa walianza na jinsi mtu anavyokaa, anavyosali na anavyolima.

Mwaka 1975 D. R. Mehta alianzisha shirika la kuwapatia wenye uhitaji mguu wenye unyayo huo bure.

Sethi alipewa Tuzo ya Magsaysay mwaka 1981. Sharma, mwenye mikono iliyoufinyanga unyayo wenyewe, alistahili kusimama naye jukwaani.