Uigaji si Uigizaji: Gololi ya Chuma Ndani ya Kompyuta

Aliyewahi kutumia kompyuta ya Windows XP, iwe ofisini bosi akiwa ametoka au kwenye intaneti kafe dakika zikiyoyoma, hawezi kuwa ameisahau Space Cadet. Gololi ya rangi ya fedha inasubiri kwenye kichochoro cha kulia. Mchezaji anabana kitufe cha nafasi, anaachia, gololi inaruka juu, inagonga hiki na kile huku namba zikipanda, kisha inaanza kushuka. Chini kuna vikono viwili, cha kushoto kwa herufi Z na cha kulia kwa alama ya mkwaju. Akichelewa, imetumbukia.

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo pinboli pekee waliyoicheza. Mashine yenyewe, lile sanduku la mbao lenye miguu minne na kioo juu, ambalo viwanda vya Chicago vilianza kulitoa kwa wingi miaka ya 1930, hawajaligusa. Wameukuta mwigo kabla ya kitu kinachoigwa.

Kazi ya programu za namna hiyo, yaani kuchukua kitu cha duniani na kukiendesha kwa hesabu ndani ya kompyuta, kwa Kiingereza huitwa simulation. Kiswahili bado kinayumba. Wapo wanaoandika simulesheni na kuendelea na safari yao. Wapo wanaosema uigizaji. Wapo pia, na makala hii iko upande wao, wanaosema uigaji. Sikio nalo lisiachiwe liamue peke yake, maana kusimulia kunafanana na neno hilo la kigeni kwa sauti tu: anayesimulia pinboli anaieleza, haiendeshi.

Kuiga na kuigiza vimetoka mzizi mmoja lakini havifanyi kazi moja. Mwigizaji anayelia jukwaani hakufiwa na mtu. Kazi yake imetimia pale mtazamaji anapotoa leso. Anayeiga hahitaji mtazamaji. Mtoto anayesonga ugali wa udongo kwa kijiti nyuma ya nyumba hajali nani anamwona. Anachokamata ni mkono wa mama yake unavyozunguka, unavyokandamiza na unavyogeuza. Uigizaji hupimwa kwa jicho la anayetazama, uigaji hupimwa kwa mwenendo wa kitu chenyewe. Tena "mchezo wa kuigiza" umeshapata mwenyewe siku nyingi: mtu akiambiwa hivyo anangoja wahusika na pazia, si gololi.

Neno uigaji lina aibu yake, hilo hakuna anayelikataa. Methali ya anayemwiga tembo kunya inajulikana, na kilichoupata msamba wake kinajulikana pia. Lakini methali hiyo, adabu ikiwekwa kando, ni onyo zuri la kihandisi, na historia ya pinboli ya kompyuta imejaa misamba iliyopasuka.

Istilahi ndogo nazo zinadai uamuzi. Kinachobingirika mezani ni tufe la chuma, na Kiswahili kina neno lake tayari: gololi, ileile ya kwenye beringi, jina moja na ile ya kioo wanayochezea watoto. Kuiita mpira ni kujitafutia balaa, kwa sababu vizuizi vingi vya meza hiyo vimevishwa mpira, na sentensi ya "mpira unapogonga mpira" haimsaidii mtu. Kwa vile viungo viwili vinavyochapa gololi, kikono kinatosha. Ni kifupi, kimeshikwa upande mmoja, kinarusha.

Sasa gololi yenyewe. Ile ya kawaida ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Meza imeinama kuelekea kwa mchezaji kwa nyuzi 6.5 hivi katika mashine za kisasa, na fundi huirekebisha kwa kuzungusha skrubu za miguu huku akitazama pimamaji. Mtu anaweza kudhani kwamba namba hizo zikishajulikana kazi imekwisha: mvutano wa dunia, mwinamo wa meza, basi gololi ishuke.

Hapo ndipo Kiswahili kinapomzindua mhandisi, kwa kuwa kinatofautisha vizuri kuteleza na kubingirika. Kitu kinachoteleza bila msuguano kwenye mwinamo huo hupata mchapuko wa mita 1.11 kwa sekunde kwa kila sekunde. Gololi haitelezi, inabingirika, na sehemu ya nguvu inayoivuta inatumika kuizungusha. Kwa tufe lisilo na uwazi ndani, kinachobaki ni sehemu 5 kati ya 7, yaani mita 0.79. Ikiachiwa ianze kushuka kutoka kusimama, kwa umbali wa mita 1 ingeteleza kwa sekunde 1.34, lakini itabingirika kwa sekunde 1.59. Robo ya sekunde ni uhai mzima katika pinboli. Programu inayochukulia gololi kama nukta isiyozunguka itaonekana ya kasi isiyoelezeka, na mchezaji aliyezoea mashine ya kweli atahisi kuna kitu hakiko sawa kabla hajajua ni nini. Zaidi ya hapo, gololi inayozunguka ikigusa mpira wa kizuizi hujisokota na kutoka kwa pembe ambayo nukta isingetoka nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bill Budge, Mmarekani, alitoa programu ya Pinball Construction Set, iliyomwezesha mtumiaji kujitengenezea meza na hata kubadili mvutano wa dunia na mdundo wa gololi kwa kusogeza alama kwenye skrini. Kwa kompyuta za wakati ule ilikuwa ajabu. Ilionyesha pia kwamba ndani ya kompyuta dunia haina mvuto wake wa asili. Ina ule tu aliouandika mtu.

Wala haina muda unaotiririka. Kompyuta hukata muda vipande, huuliza gololi iko wapi sasa, kisha huruka hadi kipande kinachofuata. Tuseme gololi inakwenda mita 3 kwa sekunde, na programu inapiga hesabu mara 60 kwa sekunde. Kati ya hesabu moja na nyingine gololi imesogea sentimita 5, karibu mara mbili ya kipenyo chake. Mbele yake kukiwa na ukuta mwembamba, katika hesabu hii iko upande huu wa ukuta, katika hesabu inayofuata iko upande wa pili, na hakuna wakati wowote ilipougusa. Imepita kama jini. Programu makini hutafuta kwanza lini na wapi mgongano utatokea, au hukata muda vipande vidogo zaidi. Visual Pinball, programu ya bure iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000, hupiga hesabu zake za mwendo mara 1000 kwa sekunde. Kwa kasi ileile gololi husogea milimita 3 tu kila hatua.

Majini ya aina hiyo ndiyo yaliyoiondoa Space Cadet kwenye Windows. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza mwaka 2012 kwamba walipojaribu kuihamishia kwenye mfumo wa biti 64, sehemu ya programu inayogundua migongano iliharibika, kwa dalili zote kutokana na tofauti ndogo ya kukadiria desimali. Mchezo ukianza, gololi iliwekwa mahali pa kurushwa, ikaanza kudidimia taratibu, ikapenya kifaa cha kuirusha na kutokea chini ya meza. Msimbo ulikuwa umeandikwa miaka mingi nyuma na kampuni nyingine, karibu bila maelezo yoyote ndani yake, na hakuna aliyeweza kuona kosa liko wapi. Wakauacha. Picha zilikuwa zilezile, taa zilezile, sauti zilezile. Uigizaji ulibaki mzima, uigaji ndio uliokufa.

Mahali panapoumbua mwigo kuliko pote ni kwenye vikono. Vilianza mwaka 1947 kwenye mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb. Kabla yake mchezaji aliweza kurusha gololi, kuitikisa meza, na kuomba. Kikono cha mashine za baadaye kinasukumwa na koili yenye nyaya za aina mbili: moja ya nguvu nyingi ya kukirusha, nyingine dhaifu ya kukishikilia kikiwa juu. Kikifika mwisho wa mwendo wake, swichi ndogo inakata ile ya nguvu ili koili isiungue. Koili ikicheza kwa saa nyingi inapata joto, ukinzani wake unaongezeka, na kikono kinalegea kidogo. Mchezaji mzoefu anajua hilo kwa kidole.

Wachezaji wa kweli wana ufundi mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu. Gololi inashuka kwa kasi kuelekea kikono. Asiyejua anaichapa. Anayejua anangoja hadi dakika ya mwisho kabisa, anabonyeza ili kikono kifike kileleni pale tu gololi inapokigusa, na gololi inatulia. Hairuki, inakaa kama ndege aliyetua. Kinachotokea ni kwamba kikono kikigonga kizuizi cha mwisho wa mwendo wake kinarudi nyuma nukta moja, na nukta hiyo inameza kasi ya gololi. Programu nyingi za zamani ziliandika kikono kama mstari wenye hali mbili, chini na juu. Mstari huo hauna kurudi nyuma, hivyo ufundi huo haukuwezekana humo hata kwa bingwa.

Kuna pia ucheleweshaji. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde ikichelewa picha moja tu, ile gololi ya mita 3 kwa sekunde imeshasogea sentimita 5, karibu theluthi mbili ya urefu wa kikono. Hesabu zote zinaweza kuwa sahihi na mchezaji bado akakosa.

Hapa istilahi ya pili inabisha hodi. Mashine za pinboli tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zina kompyuta ndogo ndani yake inayohesabu alama, kuwasha taa na kuamua gololi ya ziada itolewe lini. Mashabiki wametengeneza PinMAME, programu inayoiga kompyuta hiyo amri kwa amri, hata ile programu halisi ya kiwandani iendeshwe juu yake bila kujua kwamba imehama nyumba. Hiyo si kazi moja na ile ya kuiga gololi. Kinachoigwa ni namba, na namba zinanakilika bila kasoro. Kiswahili kinaweza kuiita ufuatishaji, kwa mfano wa mwanafunzi anayepitisha kalamu juu ya herufi za mwalimu. Ubongo wa mashine hufuatishwa, mwili wake huigwa. Meza moja ya Visual Pinball yaweza kuwa na vyote viwili, na ni vizuri kuvitenganisha majina.

Mwili una swali ambalo ubongo hauna: unaigwa mwili wa nani? The Addams Family ya mwaka 1992, kazi ya Pat Lawlor na Larry DeMar, iliuzwa mashine 20,270. Chini ya meza yake kuna sumaku zinazoiyumbisha gololi inapopita. Programu kadhaa zimeiiga. Lakini ni ipi kati ya hizo 20,270? Iliyotoka kiwandani jana, mbao ikiwa imepigwa nta na mipira ikiwa mipya? Au iliyokaa baa miaka kumi, mipira imekauka, vumbi jeusi limeganda kwenye njia, na mguu mmoja umewekewa kipande cha karatasi? Kampuni ya Zen Studios ya Budapest ilipoanza mwaka 2018 kutoa miigo ya meza za viwanda vya Williams na Bally, ilizipa kanuni mpya za mwendo zilizo karibu zaidi na mashine halisi, lakini ikamwachia mchezaji nafasi ya kutumia zile za zamani alizozizoea. Kwa maneno mengine, walikuwapo waliopenda gololi ya kompyuta kuliko ya chuma, na hawakuonewa haya.

Hata mashine moja ikichaguliwa, gololi haikubali kufuatwa mbali. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa aliyejulikana kwa nadharia ya vurugu, aliitumia pinboli kama mfano katika kitabu chake cha mwaka 1993. Sababu yake ni rahisi kuonyesha. Tuseme kila mgongano unakuza tofauti mara 10. Gololi mbili zilizoanza zikitofautiana kwa sehemu moja ya mia ya milimita, baada ya migongano mitatu zimeachana sentimita 1, na kwenye ncha ya kikono sentimita 1 ndiyo tofauti ya alama milioni na kutumbukia. Kwa hiyo hakuna programu itakayorudia mchezo uliochezwa jana mezani. Inachoweza ni kutoa michezo ambayo meza hiyo ingeweza kuitoa.

Kutikisa ndiko kumebaki nyuma zaidi. Ndani ya sanduku halisi kunaning'inia timazi, kama ya fundi mwashi, katikati ya duara la chuma. Meza ikisukumwa kupita kiasi, timazi inagusa duara, umeme unapita, vikono vinakufa na gololi hiyo imepotea. Mchezaji mzuri husukuma kwa kiganja hadi karibu na hapo, asifike. Kwenye kibodi, msukumo huo wote umekuwa kitufe chenye nguvu ileile kila kikibonyezwa. Wenye pesa wamejenga masanduku ya mbao yenye skrini mahali pa meza, wakayafungia vihisi vya mtikisiko, ili kiganja kirudi kazini.

Wanaounda meza za Visual Pinball hupewa, kwa kila kipande cha mpira na cha chuma, namba za kujaza: mdundo, msuguano, na jinsi mdundo unavyopungua gololi ikija kwa kasi, kwa sababu mpira wa kweli hufanya hivyo. Mwishoni kuna namba nyingine, ya mtawanyo. Kazi yake ni kuipotosha gololi kidogo, kwa bahati nasibu, kila inapotoka kwenye mgongano. Mtengenezaji ameshapata pembe sahihi hadi desimali ya mwisho, kisha anaiharibu kwa makusudi, nyuzi moja huku, nusu kule, kwa niaba ya vumbi ambalo ndani ya kompyuta halipo.